Kundi la Kuondokea si Kiti cha Heshima

Wako watu wengi katika dunia wapendao mashindano ya baiskeli, wala si watu wa kulipwa kwa kazi hiyo. Ni waalimu, makarani, mafundi, wauguzi na wakulima. Juma zima wako kazini mwao, na siku moja au mbili kwa mwaka hupewa namba, hujipanga pamoja na wenzao, nao hushindana kwa kupenda tu. Juu ya watu hao twataka kusema maneno machache, maana uko ugomvi mkubwa kati yao, nao ni huu: nani aondoke kwanza, na nani aondoke nyuma? Asiyeyajua mambo hayo atacheka, aseme, "Huo nao ni ugomvi? Njia ni moja na mwisho ni mmoja." Asicheke upesi. Ndani ya neno hilo dogo mna mifupa iliyovunjika, na mna haki iliyopotea.

Shauri letu twalisema wazi tangu mwanzo, mtu asije akadhani kwamba tunazunguka. Kuwagawa watu makundi makundi ni jambo jema, nasi twalitetea. Lakini kundi la kuondokea liliwekwa liwe ulinzi. Halikuwekwa liwe kiti cha heshima. Pale lilipogeuzwa kuwa kiti, liliharibika pande zote mbili: likaacha kuwa haki, na tena likawa hatari.

Tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, nasi tutachukua mfano wa mashindano makubwa yaliyo katika bara letu hili la Afrika. Katika mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, mwaka 1978, watu 525 waliondoka na baiskeli zao kuizunguka rasi, nao walikuwa wakidai njia zilizo salama kwa wapanda baiskeli. Safari ile haikufa. Leo yaitwa Cape Town Cycle Tour, urefu wake ni kilomita 109 hivi, na miaka mingine watu walioandikishwa wamepita 30,000. Njia hupita pwani, hupanda na kushuka, hufuata ukingo wa jabali la Chapman's Peak lililo juu ya bahari, kisha hupanda kilima cha Suikerbossie, wakati ambapo miguu ya wengi imekwisha kuchoka. Aliye hodari kabisa humaliza kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Wengi huchukua saa nne, tano, hata zaidi.

Umati kama huo hauwezi kuondoka kwa filimbi moja. Kwa hiyo hugawanywa makundi, na kila kundi huondoka dakika chache baada ya lile lililotangulia, toka alfajiri mpaka jua limepanda sana. Kila mtu huhesabiwa wakati wake tangu kundi lake lilipoondoka, maana baiskeli hufungwa chombo kidogo kinachoandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Na kundi la mtu hujulikanaje? Huangaliwa mashindano aliyokwisha kushindana zamani, na wakati wake hulinganishwa na wakati wa mshindi. Aliyemkaribia mshindi huwekwa mbele; aliyekuwa mbali huwekwa nyuma; na asiye na hesabu yo yote huwekwa nyuma zaidi. Ndivyo ilivyo desturi, na nchi nyingine nyingi zina desturi iliyo karibu na hiyo.

Sasa wako watu wanaosema, "Yaondoeni makundi yote! Atakayefika mapema asimame mbele, atakayechelewa asimame nyuma. Hiyo ndiyo haki, maana haichagui mtu." Maneno hayo ni matamu kuyasikia, lakini tuyapime.

Wapanda baiskeli hodari huenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika tambarare, na katika mtelemko huweza kupita 60. Tena huenda wamekaribiana sana, gurudumu la mbele la huyu likiwa shibiri moja au mbili nyuma ya gurudumu la mwenzake. Gurudumu la mbele likigusa la nyuma la mwingine, anayeanguka kwa kawaida ni yule wa nyuma, naye akianguka, walio nyuma yake hawana pa kupita. Basi mweke kati ya watu hao mtu asiyezoea kwenda katika msongamano, ashikaye breki kwa hofu kila aonapo kona, au ayumbaye atafutapo chupa yake ya maji. Huyo si mtu mbaya. Kosa si lake. Kosa ni la yule aliyemweka pale. Kadhalika mweke mwenda kasi nyuma ya watu elfu waendao polepole katika njia nyembamba: atawapita kushoto na kuume, atajipenyeza, atapiga kelele, na katika kujipenyeza huko atamwangusha mzee aliyekuwa akienda zake kwa amani. Mwenda mbio na mwenda pole wote wana haki ya kuitumia njia. Lakini haifai kuwaweka mahali pamoja katika mtelemko.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Methali hii twaiheshimu, lakini isitumiwe kuwa blanketi la kuufunika uvivu. Iko ajali isiyo na kinga, kama jiwe kuporomoka toka mlimani. Na iko ajali ambayo watu waliipanga wenyewe, jioni ya jana, walipoandika majina katika orodha bila kuangalia. Hiyo ya pili ina kinga, na kinga yake ni makundi yaliyopangwa vizuri. Kwa hiyo hao wanaotaka makundi yavunjwe hatuwafuati.

Lakini wako wengine wa upande wa pili, nao ndio tunaotaka kushindana nao hasa. Hao husema, "Makundi yalivyo sasa ni haki tupu. Saa haisemi uongo. Mwenye kulalamika na afanye mazoezi." Hao kwa kawaida ni watu wa makundi ya mbele, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi twawajibu hivi: Saa haisemi uongo, kweli, walakini haisemi yote.

Adui mkubwa wa mpanda baiskeli katika tambarare ni hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa humzuia mara nne. Mtu aendaye kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuipasua hewa tu. Lakini akikaa nyuma ya mwenzake, mwenzake humkinga, naye huokoa kama robo ya nguvu zake, au theluthi. Na akiwa katikati ya kundi kubwa hukingwa zaidi sana. Wapanda baiskeli waliyajua hayo kwa miguu yao. Na mwaka 2018 mhandisi Bert Blocken na wenzake wakayapima kwa vyombo, wakaona kwamba katika kundi la watu 121 waliosongamana, aliye nyuma katikati hupata asilimia 5 mpaka 10 tu ya kizuizi cha hewa ambacho angekipata kama angekuwa peke yake.

Tazameni basi matokeo yake. Tuseme wako watu wawili, Yohana na Petro, nguvu zao sawasawa. Yohana ana hesabu ya zamani, amewekwa katika kundi la mbele. Anakwenda katikati ya watu mia mbili wenye nguvu, wanamkinga, naye anamaliza kwa saa tatu na dakika kumi. Petro ni mgeni, amewekwa nyuma. Wenzake wa kundi ni wa polepole kuliko yeye. Katika kilomita tano za kwanza amekwisha kuwaacha, na kilomita zilizobaki anapigana na hewa peke yake, na tena anatafuta njia ya kupita kati ya watu wa makundi yaliyotangulia. Anamaliza kwa saa tatu na dakika arobaini. Mwaka wa pili huja, na wakuu wa mashindano hufungua vitabu, husema, "Yohana ni hodari, na akae mbele. Petro bado, na akae nyuma." Maji hufuata mkondo. Kundi lilizaa wakati, na wakati ukazaa kundi, wala hakuna aliyeuliza kati ya watu hao wawili ni nani aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Tena hayo si yote. Katika rasi ile huvuma upepo wa kusini-mashariki ambao wenyeji huuita Daktari wa Cape, kwa kuwa huusafisha mji. Ni upepo mkali mno. Tarehe 12 Machi 1917 hakukuwa na mashindano haya, lakini tarehe 12 Machi 2017 yalikuwapo, na upepo huo ulivuma hata watu na baiskeli zao wakaangushwa hapo hapo penye kuondokea, na mashindano yakavunjwa asubuhi ile ile. Siku nyingi upepo huo huwa na tabia ya kuzidi nguvu jua lipandapo. Basi aliyeondoka alfajiri huenda akamaliza kabla haujapata nguvu, na aliyeondoka saa tatu akapigwa nao usoni. Halafu wakati wa wote wawili huandikwa katika kitabu kimoja, kwa wino mmoja, kana kwamba walipita njia moja. Njia ilikuwa moja. Siku haikuwa moja.

Kule Ufaransa iko safari iitwayo L'Étape du Tour, iliyoanza mwaka 1993, ambayo watu kama 15,000 wasiolipwa hupita milima ile ile ya mashindano makubwa ya Tour de France. Nyuma ya watu hao huja gari liitwalo gari la ufagio, nalo huwaokota waliochelewa na kuwaondoa njiani. Walio mbele huondoka mapema, nao huwa na nafasi kubwa kati yao na gari hilo. Walio nyuma huanza safari ufagio ukiwa karibu na visigino vyao. Yaani aliye dhaifu, ambaye ndiye mwenye kuhitaji muda mrefu, ndiye apewaye muda mfupi. Je, hili nalo twaweza kuliita haki tupu?

Na mtu ataka hesabu nzuri, aipateje? Sharti ashindane katika mashindano mengine kabla ya hayo makubwa. Kila moja lina ada yake, na nauli ya kwenda na baiskeli, na kazi ya kuiacha siku hiyo. Mwenye mali ataenda mara sita kwa mwaka na kuchagua siku yake iliyo njema. Kijana wa Khayelitsha, mtaa wa watu maskini katika mji ule ule wa Cape Town, akipata nauli ataenda mara moja. Na siku hiyo gurudumu likitoboka, mwaka mzima umekwisha. Hatusemi kwamba mtu aliiweka sheria hiyo ili kumwonea kijana huyo. Twasema kwamba sheria humwonea hata bila ya mtu kukusudia, na mwenye kuiona hali hiyo akanyamaza amekwisha kukusudia.

Sasa tufike penye kidonda chenyewe. Mashindano mengi hutengwa nafasi za mbele kwa wageni wa matajiri waliotoa fedha, na kwa rafiki za wakuu, na kwa watu wenye majina. Watu hao hawakupimwa kwa saa wala kwa mguu. Wamepimwa kwa mkono uliotoa fedha. Huyu anawekwa kati ya wenda kasi ambao hawajui tabia yake, naye hajui desturi zao, na filimbi inapopigwa wote wanasukumana kuingia kona ya kwanza. Wakuu wadhani wamemheshimu mgeni wao. Hasha, wamemweka penye hatari, na pamoja naye wamewatia hatarini watu wengi wasiokula karamu yake.

Lakini tusiwalaumu wakuu peke yao. Wapanda baiskeli wenyewe wamelipenda kundi la mbele kama watu wapendavyo kofia ya cheo. Yuko mtu ambaye namba ya kundi lake huitaja kwa wenzake mwaka mzima. Huyo akiugua miezi mitatu, hatakubali kurudi kundi la nyuma. Ataingia lile lile la zamani, mapafu hayana pumzi na mikono inatetemeka. Yuko mwingine aazimaye namba ya rafiki yake aliye hodari, akaenda kwa jina lisilo lake. Akianguka na kuzimia, madaktari watasoma habari za mtu mwingine, na watu wa nyumba nyingine ndio watakaopelekewa habari. Na palipo na desturi ya kumwuliza mtu mwenyewe, kama ilivyokuwa London katika mashindano ya RideLondon yaliyoanza mwaka 2013, ambako mwombaji aliandika muda anaotazamia kumaliza, mtu aweza kuandika matumaini yake badala ya nguvu zake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na mbio za karatasini huishia hospitalini.

Na wanawake je? Hapo ndipo hesabu inapozidi kuvurugika. Mwanamke ashindanaye na wanawake wenzake, akiwekwa katika kundi la wanaume wenye nguvu, hukingwa nao. Na mwenzake aliyewekwa kundi la nyuma hana kinga hiyo. Mwisho wa safari mmoja huitwa mshindi, lakini aliyeshinda ni kundi, wala si yeye. Katika mashindano ya Unbound Gravel, kule Emporia katika Marekani, ambayo hupita njia za changarawe, wanawake mabingwa zamani walianza pamoja na umati wote. Sasa huondoka peke yao. Hayo ni maendeleo mema. Lakini nafasi ikiwa ndogo mno, wanaume wa nyuma huwafikia na kuwachanganya tena. Kwa hiyo haitoshi kuwatenga kwa jina. Yafaa watengwe kwa dakika za kutosha.

Mwenye kubomoa na ajenge. Tuwaambie basi wakuu wa mashindano mambo yatupasayo kuwaambia.

Kwanza, wakati wa mtu usilinganishwe na wa mshindi peke yake, bali pia na wa watu walioondoka saa ile ile aliyoondoka yeye, wakapigwa na upepo ule ule. Palipo na hesabu ya namna hiyo, iendelee; pasipo, ianzishwe.

Pili, mtu apimwe mlimani. Katika mlima mkali mwendo ni mdogo, na kwa hiyo hewa haizuii sana, wala kujificha nyuma ya mwenzako hakukuokoi sana. Pale kila mtu huubeba mwili wake mwenyewe. Chombo kile kile kinachoandika saa ya kumaliza chaweza kuandika saa ya kuingia mlimani na saa ya kufika kileleni. Petro wetu angepimwa hivyo, angejulikana mara moja. Lakini mlima haupimi uhodari wa kwenda katika msongamano. Kwa hiyo mgeni mwenye nguvu aanzie kundi la kati, asipelekwe mbele kabisa kwa siku moja.

Tatu, uwe mlango wa wageni usio na gharama kubwa: siku moja au mbili za kupimwa karibu na mitaa ya watu maskini, kwa ada ndogo au bila ada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nne, gari la ufagio limhesabie kila mtu muda wake tangu kundi lake lilipoondoka. Ikiwa barabara lazima ifunguliwe saa fulani, basi walio dhaifu na waondoke mapema, katika nafasi yao wenyewe, ili wasikutane na wenda kasi penye njia nyembamba.

Tano, mgeni wa heshima apewe kiti penye kivuli, chai na makaribisho mema; asipewe nafasi ya mbele asiyoiweza. Na mtu ye yote atakaye kurudi kundi la nyuma kwa hiari yake aruhusiwe siku ile ile, bila maswali wala aibu. Hilo la mwisho halina gharama hata senti, na huenda likaponya watu wengi kuliko mengine yote.

Tunajua jibu litakalokuja: "Makundi madogo yataka muda, na serikali hutufungia barabara saa chache tu. Tutafanyaje?" Jibu ni fupi. Kama muda hautoshi watu 30,000 kwa usalama, basi muda huo ni wa watu wachache kuliko hao. Mwenye mtumbwi hujua idadi ya abiria wake. Akipakia zaidi kwa sababu nauli ni tamu, mtumbwi ukizama hatasema kwamba ziwa lilikuwa dogo.

Mambo haya hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Katika mikoa ya ziwa, Mwanza na Shinyanga, mashindano ya baiskeli hupendwa sana, na Kenya hukaribisha wageni kutoka nchi nyingi katika mbio za njia za vumbi. Palipo na watu ishirini, filimbi moja yatosha. Lakini watu wakifika mia tano, maswali yale yale yatabisha hodi: kijana mwenye baiskeli ya mzigo asimame wapi, na mwenye baiskeli nyepesi ya mashindano asimame wapi? Wa kwanza kupangwa ni mwana wa mkubwa, au ni yule mwenye mguu? Heri tuyajibu maswali hayo sasa, kabla desturi mbaya haijaota mizizi, kuliko kuja kuyajibu mbele ya mtu aliyelala kando ya njia.

Basi atakayeandika orodha ya mashindano, wilayani au katika mji mkubwa, na ajiulize neno moja tu kwa kila jina: Je, hapa nilipomweka mtu huyu, yeye na jirani zake wa mbele na wa nyuma watafika salama? Akiweza kujibu ndiyo, amepanga vema. Asipoweza, na alifute jina hilo, aliandike mahali pengine, hata kama ni jina la rafiki yake.